Kipimajoto cha bastola hakisomi moto

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Itakuwa ndefu kuliko kawaida, utuwie radhi. Jambo lenyewe kila likitajwa gazetini hutajwa kwa mstari mmoja tu: joto ndani ya injini ya roketi hufikia nyuzi 3,300. Msomaji makini hujiuliza limepimwaje, maana hakuna kipimajoto cha kuchomeka kinachotoka salama humo. Swali hilo hilo lipo hapa Arusha, kwenye karakana za Unga Limited na kwenye matanuri ya matofali, ila huku limepewa jibu la mkato: kipimajoto chenye umbo la bastola, cha jamii ya kile tulichokizoea milangoni wakati wa korona. Mtu anakielekeza kwenye mwali, kinaandika 214, na namba inaingia kwenye ripoti.

Namba hiyo ni ya ukuta ulio nyuma ya moto. Bastola hizi husoma mionzi ya infraredi yenye urefu wa wimbi kati ya mikromita 8 na 14. Moto safi wa gesi, ule wa bluu, hautoi mionzi yake hapo. Mvuke wa maji na kabonidayoksaidi hung'aa zaidi kwenye mikromita 2.7, na kabonidayoksaidi tena kwenye 4.3, kati ya 8 na 14 ni kama hazipo. Bastola inachungulia kupitia mwali kama mtu anavyochungulia dirishani. Tena imepangwa kiwandani iamini kwamba kinachopimwa hutoa asilimia 95 ya mionzi ambayo kitu cheusi kabisa kingetoa. Kwa ngozi, ubao au ukuta uliopakwa rangi, sawa. Kwa gesi inayowaka, hapana. Hata ukiinunua ya bei kubwa yenye kikomo kirefu, bado inatazama mahali pasipo moto.

Wengine, wakishajua hilo, hukimbilia themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ya aina ya K, inayopatikana kirahisi madukani, haipaswi kuvuka nyuzi 1,260. Platinamu huyeyuka kwenye 1,768. Tangsteni hustahimili hadi 3,422, lakini hiyo ni pasipo oksijeni. Kwenye moto wenye oksijeni ya ziada huliwa ikawa unga wa njano kabla haijafika popote. Na hata pale ambapo waya hauyeyuki, hausemi kweli. Nundu ya waya ya milimita moja ndani ya mwali mkali hupokea joto kutoka kwa gesi na wakati huo huo huliangaza nje kwenye kuta baridi, hivyo husoma pungufu, wakati mwingine kwa mamia ya nyuzi.

Sasa chukua injini kama RS-25, iliyosukuma vyombo vya Space Shuttle. Haidrojeni huingia ikiwa kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, inaungua na oksijeni kwenye presha ya takriban bar 200, nyuzi kama 3,300, kisha gesi inatoka kwa kasi inayozidi kilomita 4 kwa sekunde. Kitu chochote unachokichomeka kwenye mkondo unaokwenda kwa kasi kuliko sauti kinatengeneza wimbi la mshtuko mbele yake, na chombo kinapima gesi iliyokwisha kubanwa na wimbi hilo. Gesi uliyotaka kuipima imepita pembeni. Ndiyo maana wanaopima mioto hii wameacha kuigusa. Wanaisoma kwa mwanga: mwanga unaopindwa na moto, mwanga unaotoka kwenye moto, na mwanga unaomezwa na moto. Hoja yetu ni kwamba njia mbili za kwanza zinafundishika hapa Arusha na Moshi kwa vitu vya madukani, na vyuo vyenye karakana havina sababu ya kusubiri leza ya mamilioni.

Tuanze na mwanga unaopindwa. Kila aliyesafiri mchana kutoka Moshi kuja Arusha ameona mazigazi kwenye lami kule Boma Ng'ombe, na kila aliyekaa karibu na jiko la mama ntilie ameona ukuta wa nyuma ukichezacheza juu ya kikaango. Hewa ya moto ni nyepesi, hupinda mwanga kidogo kuliko hewa baridi. Hali hiyo Wajerumani waliiita Schlieren, yaani michirizi, na mwanafizikia wao August Toepler aliifanya kuwa njia ya maabara katika miaka ya 1860. Mwaka 1887 Ernst Mach alichapisha picha za mawimbi ya mshtuko mbele ya risasi, zilizopigwa kwa njia hiyo hiyo.

Njia ya Toepler inataka kioo au lensi kubwa. Ile rahisi zaidi, iliyoenea tangu miaka ya 2000 kompyuta zilipoweza kulinganisha picha, inataka karatasi yenye madoa tu. Unapiga picha ya karatasi kukiwa hakuna moto, unawasha moto kati ya kamera na karatasi, unapiga tena. Kila doa lililosogea linakuambia mwanga umepindwa upande gani na kwa kiasi gani. NASA walitumia jamii ya njia hii kupiga picha za mawimbi ya mshtuko ya ndege mbili za T-38 angani, zilizotolewa mwaka 2019; karatasi yao ilikuwa jangwa lililo chini.

Hesabu zake tuzifanye kwa hali ya Arusha, maana hapa ndipo watu huteleza. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni kama bar 0.856 badala ya 1.013. Kwenye nyuzi 25 mita moja ya ujazo ya hewa yetu ina uzito wa karibu kilo 1.0, wakati pwani ni karibu 1.18. Kipimo cha hewa kupinda mwanga huzidi kile cha ombwe kwa 0.000226 hapa. Ndani ya mwali wa kelvini 1,500 ziada hiyo hushuka hadi 0.000045. (Kelvini ni nyuzi za Selsiasi ukiongeza 273.) Tofauti ni 0.00018 hivi. Kwa mwali wenye unene wa sentimita 2, mwanga unapindwa kwa takriban miliradiani 0.36 (miliradiani moja ni kuhama milimita moja kwa kila mita). Hiyo ni pembe ndogo sana, lakini ukiweka karatasi mita 2 nyuma ya moto, doa litaonekana limesogea milimita 0.72.

Je, kamera italiona? Chukua kamera yenye lensi ya milimita 50 na pikseli za mikromita 4, iwe mita 4 kutoka kwenye karatasi, moto ukiwa katikati. Kila pikseli inabeba milimita 0.32 za karatasi, kwa hiyo doa linasogea pikseli 2 na kitu. Inatosha, maana programu nzuri hutambua hata sehemu ya kumi ya pikseli. Madoa yawe na upana wa pikseli 3 hadi 5, yaani milimita 1 hadi 1.5, yametawanywa ovyo bila mpangilio. Yakiwa kwenye mistari iliyonyooka, programu itachanganya doa hili na jirani yake. Yachapishe kwenye karatasi isiyong'aa kwa mashine kubwa ya wachoraji ramani, uibandike kwenye plaiwudi. Ikining'inia bila ubao, upepo wa moto wenyewe utaitikisa, na utapima upepo.

Simu je? Kamera ya kawaida ya simu huona pana mno. Pikseli moja hubeba pembe ya miliradiani 0.34 hivi, mara nne ya ile kamera, kwa hiyo doa husogea nusu pikseli tu, na kusogeza simu karibu hakusaidii maadamu moto unabaki katikati. Tumia lensi ya simu ya kuvuta mbali kama ipo. Kinachoharibu zaidi ni simu kujifanya mjuzi: inanoa picha, inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, inatuliza mtikisiko kwa kusogeza lensi. Vyote hivyo husogeza madoa. Piga kwa programu inayohifadhi picha ghafi na inayokuruhusu kufunga fokasi, muda na mwanga.

Kwenye kamera, fokasi iwe kwenye karatasi, moto ubaki na ukungu. Ukungu huo ndio unaoamua utaona vitu vidogo kiasi gani. Tundu la lensi likiwa f/2 lina kipenyo cha milimita 25, na kwenye moto ulio katikati ya njia kila nukta inachanganywa na jirani zake ndani ya duara la milimita 12.5, mwali wote wa sentimita 2 unakuwa uji. Kwa f/16, yaani tundu likiwa dogo zaidi, duara hilo ni milimita 1.6. Ila f/16 inataka mwanga mwingi. Weka taa mbili za LED pembeni ziangaze karatasi, usitumie za umeme wa gridi: hupepesa mara 100 kwa sekunde, na ukipiga picha kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde kila picha itakuwa na mwanga wake. Taa za volti 12 zilizofungwa moja kwa moja kwenye betri ya gari hazina tatizo hilo.

Picha mbili zikishapatikana, zilinganishe kwa vipande vya pikseli 16 kwa 16 au 32 kwa 32. Programu ya kompyuta iitwayo OpenPIV hufanya kazi hiyo bila malipo. Kabla ya yote tazama pembe za picha ambako moto haupiti: kama madoa ya huko nayo yamesogea, stendi imetikisika, toa kiasi hicho kwenye picha nzima. Na usikubali mwanafunzi akuletee ramani ya rangi nzuri aiite ramani ya joto. Alichopima ni mabadiliko ya uzito wa gesi, yamejumlishwa kutoka upande wa mbele wa mwali hadi wa nyuma. Kufika kwenye joto anahitaji mwali wa duara ulio sawa pande zote ili hesabu imenyue tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ajue presha, na ajue gesi iliyoungua imechanganyika vipi, maana kila gesi hupinda mwanga kwa kiasi chake.

Hapo mwanafunzi yuko kwenye jiko la gesi. Mkondo wa kasi kuliko sauti ataupata kwa fundi pancha, bila moto wowote. Hewa inayotoka kwenye tundu hufikia kasi ya sauti pale presha ya ndani inapozidi ya nje mara 1.89. Kwa Arusha hiyo ni bar 1.62 ukihesabu na presha ya hewa ya nje, yaani geji ya kompresa, ambayo haiihesabu hewa hiyo, ikisoma 0.76 tu. Dar es Salaam geji ingepaswa kusoma 0.90. Kosa linalorudiwa sana ni kuongeza 1.013 kwenye geji kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Geji haijui kwamba iko Sakina, hapa Arusha. Kosa hilo hilo kwenye nozeli ya roketi, yaani mdomo wa kutolea gesi, lina uzito, kwa sababu nozeli iliyochongwa kwa presha ya pwani ikijaribiwa hapa gesi hutoka ikiwa haijatanuka vya kutosha, na zile almasi za mwanga zinazoonekana kwenye mkia wa moto zinahama.

Almasi hizo ni mawimbi ya mshtuko yanayokatana na kurudi. Kwa tundu la milimita 2 na geji kwenye bar 6 au 7 zina urefu wa milimita chache, karatasi ya madoa haizioni vizuri. Hapa ndipo kioo cha Toepler kinarudi. Kioo mbonyeo cha darubini ya kawaida, kipenyo milimita 114, fokasi milimita 900, kinatosha. Weka LED nyuma ya karatasi ya alumini iliyotobolewa kwa ncha ya sindano, tundu la nusu milimita, mita 1.8 kutoka kwenye kioo. Mwanga utarudi na kuchora tundu hilo pembeni ya lilikotoka. Sogeza wembe mpya taratibu mpaka ukate nusu ya taswira hiyo, simu iwe nyuma ya wembe. Kioo chote kikififia kwa pamoja, wembe uko mahali pake. Giza likiingia kutoka upande mmoja, wembe uko mbele au nyuma mno. Elekeza mkondo wa kompresa upite sentimita chache mbele ya kioo na almasi zitaonekana. Fanya haraka: tundu la milimita 2 kwenye bar 6 humeza karibu gramu 5 za hewa kwa sekunde, na tangi la lita 100 litashuka kutoka bar 8 hadi 5 ndani ya dakika moja hivi. Miwani ya kinga ivaliwe, na asiwepo wa kuziba tundu kwa kidole. Hewa ya presha hiyo huingia chini ya ngozi.

Tukija kwenye mwanga unaotoka kwenye moto, Arusha ina bahati ambayo vyuo havijaitumia. Madalali wa mawe ya vito hapa mjini wana spektroskopu ndogo ya mkononi, yaani kifaa cha kutawanya mwanga katika rangi zake, kama kalamu nene, wanayotumia kutambua jiwe. Kifaa hicho hicho ukikielekeza kwenye jiko la gesi kinaonyesha kwa nini mwali ni bluu: mkanda wa vipande vya kaboni na haidrojeni karibu na nanomita 431, na mwingine wa kijani wa kaboni mbili mbili karibu na 516. Chumvi ikidondoka motoni inatoka mistari miwili ya njano ya sodiamu iliyobanana, 589.0 na 589.6, na kwenye kalamu ile huonekana kama mmoja.

Kwa mstari huo wa sodiamu mtu anapima joto la mwali bila kuugusa. Njia ni ya zamani, imetumika hata kwenye injini za roketi, na wazo lake ni jepesi: weka nyuma ya mwali taa ambayo joto lake unalijua. Taa ikiwa baridi kuliko mwali, mstari wa njano unang'aa juu ya mwanga wa taa. Taa ikiwa na joto kuliko mwali, mstari unageuka mweusi, kwa sababu sodiamu inameza kuliko inavyotoa. Pale unapopotea kabisa, mwali na taa vinalingana.

Taa ni balbu ya indiketa ya gari, volti 12, wati 21, yenye kioo cheupe na siyo ya chungwa. Joto la waya wake linajulikana kwa ukinzani. Waya wa tangsteni kwenye kelvini 1,500 una ukinzani mara 7.1 ya ule wa kelvini 300. Kwenye 2,000 ni mara 10. Kwenye 2,500 ni mara 13.1. Kazi yote inasimama juu ya ukinzani wa balbu ikiwa baridi, na hapo ndipo inapoharibika, kwa sababu ni karibu nusu omu tu. Mita ya mkononi na nyaya zake huongeza omu 0.1 hadi 0.3, na joto lako linapotoka kwa mamia. Pitisha miliampea 50 kutoka chanzo tulivu, pima milivolti moja kwa moja kwenye miguu ya balbu kwa nyaya nyingine mbili, gawanya. Soketi usiitumie, lehemu nyaya.

Ongeza umeme kwa reostati ya waya, yaani kikinzani cha kurekebishwa kwa mkono. Vile vidhibiti vidogo vya kielektroniki vinavyokata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde vinaidanganya mita. Lensi ya fokasi ya milimita 100 hadi 150 ichore waya wa balbu katikati ya mwali, lensi ya pili ilete vyote kwenye spektroskopu. Maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa glasi, yapulizwe kwenye tundu la kuingizia hewa la jiko. Usiyanyunyizie mwali wote. Sodiamu ikikaa kwenye kingo baridi za mwali, inameza mwanga kule ukingoni, mstari unakuwa mweusi mapema, na unasoma pungufu. Kosa hili halionekani kwa macho, ndiyo maana tunalitaja.

Tuseme balbu baridi ilikuwa omu 0.45 kwenye nyuzi 27, na mstari umepotea kwenye volti 4.7 na ampea 1.05. Ukinzani ni omu 4.48, karibu mara 10, kwa hiyo waya uko kwenye kelvini 2,000. Wengi huishia hapo na kuandika kwamba mwali ni kelvini 2,000. La. Tangsteni si kitu cheusi kabisa. Kwenye mwanga wa njano hutoa kama asilimia 44 tu ya ambacho kitu cheusi kingetoa, na kwa jicho la mwali waya huo una mng'ao wa kelvini 1,875. Toa tena kelvini 12 kwa kioo cha balbu na 12 kwa lensi iliyo kati ya balbu na mwali, maana kila kimoja hupoteza asilimia 8 hivi ya mwanga. Lensi ya upande wa pili haihusiki, inapunguza taa na mwali kwa pamoja. Mwali wako una kelvini 1,850, nyuzi 1,577 au tuseme 1,580. Mwisho wa njia hii ni waya wenyewe: ukivuka kelvini 2,800 balbu haina maisha, na kwa moto wa roketi inatakiwa taa ya arki.

Mwali wa njano wenye masizi hautaki chumvi. Masizi hung'aa kama kaa la moto, na uwiano wa wekundu kwa kijani chake hutoa joto. Kwa kelvini 2,000 kosa la asilimia 5 kwenye uwiano huo linaleta kosa la kelvini 60 hivi, si baya. Sharti picha iwe ghafi, isiwe imeungua weupe, na kamera ipimwe kwanza kwa ile balbu ya indiketa.

Kwenye majaribio ya injini kubwa, kusoma rangi za moto kunafanya kazi nyingine ambayo tunaiona muhimu kuliko joto lenyewe. Moto wa haidrojeni na oksijeni karibu hauna rangi. Kwa hiyo metali ikianza kulika ndani ya injini, hata kidogo, inajitangaza kwenye mkia wa moto: shaba kwenye nanomita 325 na 327, nikeli karibu na 341 na 352, chuma karibu na 372 na 386, kromiamu kati ya 425 na 429. Wahandisi wa kituo cha Marshall cha NASA waliielekezea spektromita injini ya Space Shuttle ikiwa kwenye jukwaa la majaribio kwa nia hiyo, wajue ni kipuri gani kinaliwa kabla hakijapasuka. Injini ya mafuta ya taa inaficha siri zake zaidi kwa sababu masizi yanawaka kuliko mistari ya metali. Na roketi za fueli kavu yenye unga wa alumini ndizo ngumu kuliko zote. Matone ya alumina, yaani alumini iliyoungua, hufanya mkia wa moto kuwa ukuta mweupe. Hata hivyo fueli kavu ndiyo iliyobeba setilaiti ya Uhuru, Desemba 12, 1970, kwa roketi ya Scout kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, kwa hiyo tusiseme mambo haya ni ya mbali.

Mwanga unaomezwa, yaani leza, tutaupita haraka kwa kuwa vifaa vyake hatuvipati dukani. Leza ndogo ya karibu mikromita 1.4 hupitishwa kwenye mkondo, ikifagia rangi yake maelfu ya mara kwa sekunde juu ya mistari miwili ya mvuke wa maji. Mstari mmoja hukua joto likipanda, mwingine hupungua, na uwiano wao ndio joto. Ndani ya chemba ya bar 200 mistari hiyo hunenepa na kushikana, ndiyo maana mara nyingi hupimwa kwenye mkia. Kutazama ndani kunataka dirisha la kwatzi au la yakuti ya kutengenezwa, dogo kadiri inavyowezekana, na pazia la naitrojeni linalopuliza mbele yake ili masizi yasilifunike. Naitrojeni ikizidi inapoza ukingo wa moto na leza inapima ubaridi huo pia. Kuna njia za leza zinazopima nukta moja badala ya mstari mzima, na nyingine zinazofuata chembe zilizopandwa kwenye mkondo ili kupata kasi. Hizo ni za maabara zenye watu waliokaa nazo miaka.

Ombi letu kwa vyuo na shule zenye maabara za fizikia ni dogo: karatasi ya madoa, balbu ya indiketa, kalamu ya dalali wa mawe ya kuazima. Watumie jiko la gesi na kompresa. Fueli ya roketi asiichanganye mtu. Hiyo inataka vibali vya baruti, na kwa mafunzo haya haihitajiki. Kwa wamiliki wa matanuri, bastola elekezeni kwenye tofali au ukuta, si kwenye mwali. Na kwako Mhariri, ripota akileta joto la moto wowote, umuulize limesomwa sehemu gani ya moto na kwa kifaa gani, ayaandike yote mawili pembeni ya namba.

Tulifikiria kukuletea karatasi ya madoa uichapishe robo ukurasa, lakini haina haja. Herufi za gazeti ni madoa tosha, hazina mpangilio wa kujirudia. Msomaji mwenye kamera yenye lensi ya milimita 50 aubandike ukurasa huu kwenye ubao, akae mita 2.5, herufi ziwe na pikseli za kutosha, mshumaa uwe katikati. Apige picha mbili na kuzitoa moja kwa nyingine kwenye kompyuta. Ukurasa wa barua unafaa kuliko wa michezo, ule una picha kubwa zenye weusi mtupu ambamo hakuna cha kusogea.

Wasomaji wako,
Sakina, Arusha